Masaba Alinitoza Ukucha

Nilimwambia mama ni ziara ya masomo. Uongo wenyewe ulikuwa na mafiga mawili ya kweli: nilikuwa mwaka wa pili nikisomea ualimu wa jiografia, na mlima ni jiografia. Figa la tatu ndilo halikuwepo. Hapakuwa na mhadhiri, hapakuwa na basi la chuo, wala barua yenye muhuri. Tulikuwa wanafunzi watano tuliochanga pesa kwa miezi minne ndani ya kopo la maziwa ya unga.

"Mtarudi lini?" akauliza.

"Baada ya siku nne, mama, inshallah."

"Na simu?"

"Huko mtandao unasumbua."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Akaniombea dua ndefu ya msafiri, nami nikaitikia amina huku shingo inaniwasha.

Nimezaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, kimelala kama mkeka. Kilima chake kirefu kuliko vyote hakifiki hata mita 200. Skuli, mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha mistari ya kontua kwa lundo la mchanga wa jirani aliyekuwa anajenga. Alilimwagia maji likashikana, akalizungushia kamba tatu, moja chini, moja kati, moja karibu na ncha, kisha akatupandisha mmoja mmoja juu ya meza ili tutizame kutoka juu na kuchora tunachokiona. Kamba zikikaribiana, mteremko mkali. Zikiachana, mteremko mpole. Nilichora vizuri sana. Tangu siku ile swali la ramani halikuwahi kunitoa jasho, na nilikwenda chuo nikiamini naujua mlima. Kumbe niliujua kama mtu anavyoijua bahari kwa kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa.

Nilipopata nafasi ya kusoma Mbale, mashariki ya Uganda, nilikwenda kwa njia ya nchi kavu: boti hadi Dar es Salaam, basi hadi Nairobi kupitia Moshi na Namanga, basi jingine hadi mpakani Malaba, halafu Tororo, halafu Mbale. Kabla ya Moshi nilihamia dirisha la upande wa kulia, simu mkononi, nimpige picha Kilimanjaro mwenyewe. Kulikuwa na wingu. Abiria mwenzangu akaninyooshea kidole, "Upo pale," nami nikapiga picha ya wingu.

Picha hiyo ilinifaa baadaye. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichoanza 1988, kina wanafunzi kutoka nchi nyingi, na swali la kwanza la kila aliyesikia natoka Tanzania lilikuwa lile lile: "Umepanda Kilimanjaro?" Nilikuwa natoa simu na kuwaonesha wingu. Wengine walicheka, wengine walinihurumia kwa dhati, kama mtu aliyezaliwa jirani na kisima akafa kiu.

Ukisimama chuoni na kutizama mashariki unaona ukuta wa mawe uliosimama juu ya mji wa Mbale. Mvua ikinyesha, maporomoko ya maji huteremka juu yake kama nyuzi nyeupe. Watu wanauita Wanale. Mwaka mzima nilikuwa nikimpigia mama simu ya video, naigeuza, namwambia, "Mama, ule ndio Mlima Elgon." Mama anasema mashallah. Siku moja mwenzetu Mgisu, kabila la wenyeji wa mlima ule, mtoto wa Sironko, akanisikia. Hakunicheka hata kidogo, na hilo likaniuma zaidi.

"Ule ni Wanale," akasema. "Ni kama kidole cha mguu wa mlima. Mlima wenyewe hujauona."

Alisema kweli. Elgon ni volkano iliyozimika, miongoni mwa kongwe kabisa Afrika Mashariki, na imetanuka chini kiasi cha kilomita 80 kutoka upande hadi upande, Uganda na Kenya kwa pamoja. Kilele chake kirefu, Wagagai, kiko upande wa Uganda, mita 4,321. Juu kabisa hapana ncha. Pana bonde la kreta lenye upana wa kilomita 8 hivi. Kwa hivyo ukiwa Mbale hakuna unaposimama ukasema leo nimeuona mzima. Kilimanjaro, wingu likiondoka, husimama mbele yako. Huu umelala, na wewe umekaa juu ya kidole chake ukiuliza uko wapi. Wagisu wanauita Masaba, jina la baba yao wa asili, na wao wenyewe hujiita Bamasaba. Nilikuwa nimefika Mbale mwaka wa imbalu, tohara yao inayofanyika kila mwaka unaogawika kwa mbili, na kwa wiki kadhaa ngoma za kadodi zilipita chini ya dirisha langu. Nikadhani nishajua kila kitu cha Masaba. Ndipo tukaanza kuchanga.

Watano wenyewe: mimi, Msoga niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja, msichana mwengine wa Kampala ambaye alikuwa na kila kifaa kasoro subira, yule Mgisu, na Mkenya mmoja wa Garissa aliyetuambia amezoea jua tu na akifa kwa baridi tusimzike huko. Tulichagua Januari kwa sababu ya ukavu. Vifaa tulitafuta mitumba. Nilipata jaketi zito lililoandikwa jina la timu ya mpira nisiyoijua, suruali pana ya kuvaa chini ya gauni nililolikata magotini, na buti. Buti zilikuwa namba 38. Mguu wangu ni 39. Muuzaji akaniapia kwa Mungu kwamba ngozi itanyooka.

Ngozi haikunyooka.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu lugha, maana nilikwenda Uganda nikijiona tajiri. Kwenye karatasi mambo ni mazuri: marekebisho ya katiba ya 2005 yaliitaja lugha yetu kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Sokoni ni hadithi nyengine. Kwa miongo mingi Kiswahili cha Uganda kilikuwa lugha ya kambi za jeshi; Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, na watu wa umri fulani wakikisikia husikia buti za askari kwanza, maneno baadaye. Muuza nyanya mmoja aliniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mwanajeshi. Mimi, mwenye kilo 49 na mtandio wa maua. Nikajifunza kusema "nnyabo" na "ssebo" kwa Kiganda, na Kiswahili changu nikakihifadhi kwa simu za mama.

Budadiri, ambako njia ya Sasa huanzia, ni mwendo mfupi tu wa gari kutoka Mbale. Tulilipa kiingilio cha hifadhi, nafuu kwa sisi raia wa Afrika Mashariki, tukapewa kiongozi na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, tukaajiri wapagazi. Mmoja wao alikuwa mzee kuliko baba yangu, amevaa gambuti, kapakata jembe la mtu mwengine kwa sababu alikuwa analipeleka kwa shemeji yake njiani. Nilipomsikia anamwambia kijana wake "hiyo gunia weka nyuma", moyo uliruka.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Akageuka polepole. "Marahaba. Wewe umetoka wapi na hiyo shikamoo?"

"Zanzibar."

"Ai! Ile Zanzibar ya karafuu?" Akacheka mpaka akaweka jembe chini. Alikuwa amefanya kazi mashamba ya mahindi Kitale, upande wa Kenya, miaka mingi, na huko ndiko alikookota lugha. Tangu hapo nikawa wake. Kila kitu alinieleza, na kila alichonieleza kilinikwaruza masikio. Hii mlima. Ile mti. Hiyo maji iko baridi sana. Wallahi, mtu wa Makunduchi akisikia "hii mlima" ulimi unamwasha kurekebisha. Nilijizuia mara ya kwanza. Mara ya pili nikashindwa.

"Mlima huu, mzee. Mlima huu hauna haraka."

"Ndiyo," akajibu kwa adabu zote. "Hii mlima haina haraka. Wewe ndiyo uko na haraka. Punguza."

Neno "mpagazi" lilinikaa kooni njia nzima ya siku ile. Kwetu ni neno la somo la historia. Wapagazi walikuwa wale waliobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, na misafara mingi ilianza na kuishia mbele ya macho ya Unguja, na si kila aliyebeba alibeba kwa hiari. Sasa mimi, Mzanzibari, natembea mikono mitupu nyuma ya mzee aliyebeba mchele wangu, sufuria yangu na blanketi langu. Nilimwomba anipe japo sufuria. Alinitizama kama mtu anayetaka kumnyang'anya mshahara, na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa: mzigo ukipungua, na mpagazi anapungua. Nikanyamaza. Lakini sikuacha kulifikiri, na sijaacha.

Saa za mwanzo ni mashamba. Kahawa, migomba, nyumba zilizoanika kahawa kwenye mikeka mbele ya mlango, watoto wanaosema "mulembe" na kutukimbilia mbele kwa miguu mitupu huku sisi tunatweta. Mulembe ni amani, ndiyo salamu yao. Mteremko ulikuwa wima kiasi kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa analima alionekana kama ameliegemea shamba lake. Kwenye ramani ya mwalimu wangu hapo ndipo kamba zinapogusana, na mimi nilikuwa nikiandika kwenye mtihani: "Eneo hili halifai kwa makazi." Nikapata maksi. Kumbe eneo hilo lina shule, kanisa, msikiti mdogo wa mabati na duka la soda.

Kisha majabali ya Mudangi. Hapo unapanda kwa ngazi. Sitasema mengi, maana nilipanda macho nimefumba kila nilipoweza, nikisoma Ayatul Kursiy, na Mkenya wa Garissa nyuma yangu akinijulisha kwa sauti kila alichokiona chini. Baada ya majabali unaingia msitu, na baada ya msitu mianzi.

Mianzi ilinipendeza kuliko vyote. Ni kama umeingia ndani ya ala ya muziki; upepo ukipita juu, chini inalia. Wagisu huchuma machipukizi yake, wakayakausha kwa moshi, wakayapika kwa karanga. Ndiyo malewa, na hapana sherehe ya Mbale isiyokuwa nayo. Wanavijiji wana makubaliano na hifadhi ya kuingia kuchuma. Mzee alinionesha chipukizi lililofaa na lililopitwa, akapapasa kama mama anavyopapasa embe sokoni. Tulifika kambi ya Mto Sasa, mita 2,900, jua limezama. Kwa siku moja nilikuwa nimepanda zaidi ya mita elfu moja. Kilima cha kwetu mara kadhaa, na nimesalia.

Siku ya pili ndipo nilipoanza tena kusema uongo.

Njia ya kwenda pango la Mude ni fupi kuliko ya jana, nyasi na mimea ambayo sikuwahi kuiona hata vitabuni kwa ukubwa ule. Kuna senesio warefu kama mtu aliyesimama juu ya bega la mtu, shina lao limevaa majani yao wenyewe yaliyokufa, kama koti. Na lobelia ambazo usiku hufunga majani kulinda chipukizi lisigande. Nilijua sababu: kila mita 100 unazopanda joto hupungua kiasi cha nusu nyuzi na kitu. Nilikuwa nawaeleza wenzangu yote hayo, mwalimu mtarajiwa, wakati kisogo kinaanza kunigonga. Kidogo tu. Kama mtu anayebisha hodi na hana haja.

Kambini Mude, mita 3,500, nikaamua kupika pilau. Nilibeba bizari, hiliki na mdalasini kutoka nyumbani, nikatangaza kwamba leo mtakula chakula cha watu. Nilijua kwa akili kwamba juu kule maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Sikujua maana yake kwenye sufuria. Maji yanatokota, yanaruka, yanakudanganya, na mchele umekaa tu. Nilipalia makaa, nikaongeza maji, nikafunika kwa jiwe. Baada ya saa nzima wali ulikuwa bokoboko nje na kiini ndani, jambo ambalo nilidhani haliwezekani kwa pamoja. Wapagazi walikula kwa heshima, wakasifu hiliki, halafu wakasonga posho, ndio ugali wao.

Usiku ule kuswali kulikuwa kazi. Maji ya kutawadha tuliyapasha moto kwenye birika la chai. Makunduchi kibla ni kaskazini moja kwa moja, maana sisi na Makka tunakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa longitudo. Mbale inabidi ugeukie mashariki kidogo. Nikamwuliza mzee kaskazini ni wapi. Akanionesha bila kutizama nyota wala simu, akaondoka mbele yangu ili asinikatize. Yeye ni Mkristo. Asubuhi dumu la maji lilikuwa na utando wa barafu juu, na Mkenya akalipiga picha kutoka pande zote nne.

Jioni ile kabla ya kulala kiongozi alipita akituuliza mmoja mmoja. "Kichwa?"

"Kizima," nikasema.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu wapo wanaosoma na wanapanga safari: huo ndio ujinga mkubwa nilioufanya mlimani, kuliko buti na kuliko wali. Kichwa kinachouma juu ya mita elfu tatu ni mwili unaosema hewa haitoshi, na dawa yake ni kutopanda zaidi, na kikizidi, kushuka. Nilikuwa nimelisoma hilo. Lakini nilikuwa nimechanga miezi minne, na nilikuwa nimechoshwa na picha ya wingu.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, taa za kichwani, nyasi zikivunjika chini ya miguu kama vioo. Baada ya saa moja nilikuwa nahesabu hatua kumi kisha nasimama. Baada ya mbili, hatua tano. Kwenye mita 4,000 kila pumzi inakupa hewa kiasi cha asilimia 60 ya ile ya pwani, na mimi mapafu yangu ni ya pwani. Sikumbuki kuumwa hasa. Nakumbuka nilikuwa mjinga. Nilitaka maji na sikuweza kulijenga neno.

"Mzee," nikasema, "maji... iko?"

Akasimama. Akanitizama usoni kwa taa yake. "Umesema aje?"

"Maji iko?"

Akamwita kiongozi kwa Kigisu, haraka haraka. Baadaye alinieleza kwamba alijua papo hapo: "Yule mtoto wa kurekebisha watu akisema maji iko, kichwa imeharibika." Nikatapika chai yote juu ya buti namba 38. Kiongozi hakuuliza tena. Mimi nateremka na mzee, wengine wanaendelea na yeye na askari. Nililia, lakini machozi yenyewe hayakuwa na nguvu.

Tulishuka polepole mpaka chini ya kambi kidogo, na ajabu ya maradhi yale ni hiyo: mita mia tano chini, mtu anarudi. Ilipofika saa tatu asubuhi nilikuwa nimekaa juani juu ya jiwe, nina njaa, nina aibu, ngeli zangu zote zimerudi mahali pake. Mzee alitoa kiazi kitamu cha jana akanipa nusu.

Kutoka pale unaona mteremko unaoshuka magharibi, kijani juu ya kijani, mashamba yameshonwa hadi juu kabisa kwenye ukingo wa msitu. Akanyoosha mkono kusini. "Huko ni Bududa."

Nililijua jina. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ya siku nyingi, mlima uliteleza ukafunika kijiji cha Nametsi, watu zaidi ya 100. Ukateleza tena 2018. Darasani tuliusoma kama mfano: udongo mzito, mteremko mkali, miti iliyokatwa, mvua nyingi. Mfano mzuri, unajibu swali la maksi ishirini. Mzee alikuwa na dada aliyeolewa huko. Hakuniambia zaidi ya hapo, nami sikumwuliza.

Nikauliza kile ambacho kila mwanafunzi huuliza. "Kwa nini watu hawahami?"

Akatafuna kiazi mpaka kikaisha. "Kwenu, bahari ikiua watu, munahama?"

Nilikuwa mtoto Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama Nungwi ikielekea Pemba. Nakumbuka redio, nakumbuka wanawake mtaani kwetu wametandika mikeka nje bila kusemezana, nakumbuka majina yakisomwa. Wiki mbili baadaye mjomba wangu alikwenda Pemba. Kwa boti. Mimi mwenyewe nilivuka kwa boti kuja chuo, na sikuwahi kuandika mahali popote kwamba eneo hilo halifai.

"Hatuhami," nikasema.

"Ndiyo hivyo." Akafuta mikono kwenye nyasi. Tukakaa. Akanifundisha jina la ndege mmoja mweusi mwenye mkia mrefu, nikalisahau hapo hapo.

Wenzetu walirudi mchana, nyuso zimeungua, midomo imepasuka, wamefika wote wanne. Msichana wa Kampala alikuwa ameshika simu kama kombe. Kwenye picha wamekumbatia kibao cha Wagagai, na nyuma ya kibao ni weupe mtupu.

"Kreta je?" nikauliza. "Mmeiona?"

Msoga akakaa chini, akavua soksi. "Tumeona wingu."

Sikukusudia kucheka kiasi kile. Kichwa kilianza kuniuma upya.

Watu husema kushuka ni rahisi. Waongo. Kupanda kunachosha mapafu, kushuka kunalipwa na vidole. Siku ya nne tulishuka zaidi ya mita 1,700, na kwa kila hatua mguu wangu wa namba 39 uliteleza mbele ukagonga ukuta wa namba 38. Mianzi sikuisikia ikilia, nilikuwa nasikia vidole. Kwenye ngazi za Mudangi sikufumba macho. Nilikuwa nimesahau kuogopa. Kilomita za mwisho nilivua buti nikavaa kandambili, nikapita katikati ya kahawa nikichechemea, na wale watoto wa mulembe wakanisindikiza kimya kama msafara wa bibi harusi. Mzee alinichukulia buti, moja kila upande wa shingo. Kwa hilo hakudai nyongeza. Nilipompa bizari na hiliki iliyobaki alinusa, akaifunga kwenye leso, akasema mkewe ataiweka kwenye chai.

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa bluu kwa wiki mbili, ukawa mweusi, kisha siku moja ukabaki ndani ya soksi. Nikaufunga kwenye karatasi. Usiniulize kwa nini.

Likizo nilirudi nyumbani, na binti wa mama mdogo alikuwa anaolewa. Usiku wa hina tulikaa wanawake wote ukumbini, na mama, ambaye mkono wake katika piko unajulikana Makunduchi nzima, akasema leta miguu. Nilileta wa kushoto. Akachora maua mpaka kwenye kifundo, bila kuinua uso. Akasema leta wa kulia. Nikasema nimechoka, unatosha mmoja. Akaniangalia. Nikaleta.

Akakishika kidole gumba, akakigeuza kwenye taa.

"Ukucha uko wapi?"

"Uganda, mama."

Wanawake wawili wakaacha kuzungumza. Mama akakitizama kidole muda mrefu, halafu akanitizama mimi, na niliona anahesabu: siku nne, mtandao unasumbua, ziara.

"Ziara ya masomo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ule mlima uliokuwa ukinionesha?"

"Ule ulikuwa kidole tu. Niliupanda wenyewe."

"Ukafika juu?"

"Sikufika."

Akavuta pumzi, akachovya njiti kwenye piko, akainama. Akapaka taratibu pale pasipo ukucha, umbo lile lile, ukingo wake na mviringo wake, kama upo.